Dakika Mbili Kabla ya Jua la Karungu

Mume wangu Levi tulimzika siku ya Alhamisi.

Ijumaa ya saba baada ya hapo, jua likielekea ziwani, akanitumia ujumbe.

"Achieng, shusha jembe. Jua linatua saa 12:56. Sabato njema."

Nilikuwa shambani kweli. Jembe nilikuwa nalo mkononi kweli.

Nikalishusha. Nikajikuta nimekaa kwenye udongo, simu imeangukia magugu.

Najua humu kundini wako watakaosema mama huyu anatafuta kujulikana. Sawa. Mimi ni mjane wa darasa la nane, mshiriki wa kanisa la Wasabato huku Karungu, na kipaji cha kutunga sina. Nasimulia vile ilivyokuwa.

Levi alikuwa fundi wa redio na simu, kibanda chake kilikuwa Sori, soko letu la hapa Karungu. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakusema fundi. Alisema, "Mimi huandika programu za kompyuta."

"Na nani anakulipa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Wewe ukiimba kwaya nani anakulipa?"

Watu wanacheka, wanamwachia simu zao atengeneze.

Alijifunza peke yake, kwa laptop kuukuu aliyoitoa Homa Bay, kioo kimepasuka pembeni, herufi mbili hazipo. Na hapo ndipo ugomvi wake na mdogo wake Clifford ulipoanzia.

Clifford ana saiba, chumba cha watu kulipia mtandao, pale stendi ya Sori, kompyuta sita. Siku moja alikuja nyumbani na flashi, akaiweka mezani karibu na ugali kama mtu aliyeleta nyama.

"Omera, ndugu yangu, hicho chombo unachoandikia programu ni cha watoto. Hiki hapa ndicho cha makampuni. Wenyewe hukilipia kila mwaka. Mimi nakupa bure."

Levi akaendelea kula.

"Ulikinunua?"

"Nani hununua? Kimevunjwa kufuli. Kinafanya kazi vizuri."

"Kama wewe hukupewa, mimi utanipaje?"

Clifford akanigeukia. "Yuora, shemeji, unamsikia huyu? Anaogopa kwenda jehanamu na kompyuta."

Nilimwongezea Levi mboga. Lakini nisiwafiche, moyoni nilikuwa upande wa Clifford.

Kwa sababu nilikuwa naona vile Levi anahangaika. Yeye alitumia zile programu huria, zile ambazo walioziandika wameziacha wazi, yeyote achukue, azifungue ndani, azibadilishe, ampe mwingine. Linux, Python, hayo majina nimeyasikia mpaka nayajua kama ya mashemeji. Lakini huwa haziji na mtu wa kukushika mkono. Levi aliweza kukwama kwa mstari mmoja wiki tatu. Anaandika swali kwenye mtandao kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, halafu anangoja mtu asiyemjua amwonee huruma.

"Si ungejikusanya polepole ununue kile cha kampuni?" nilimwambia siku moja nikichambua omena.

"Achieng, mtu akikuuzia chungu kilichofungwa kifuniko, kuchungulia ndani huruhusiwi, na siku mwenyewe akiamka vibaya anakuzimia moto akiwa huko kwao. Utasema una chungu?"

"Nitasema nina chakula."

Alicheka mpaka akakohoa. Mwaka huo alikuwa anakohoa sana. Nilidhani ni ule moshi wa kuchomelea nyaya.

Programu yake kubwa ilikuwa ya jua.

Sisi Wasabato, Sabato yetu inaingia jua la Ijumaa likitua. Si saa kumi na mbili, si saa moja. Ni jua. Na jua huhama. Novemba linawahi, Februari linachelewa, tofauti yake ni kama nusu saa. Mtu yuko shambani au sokoni, kumbe ameingia na jembe ndani ya Sabato. Basi Levi akaandika programu ya kupiga hesabu ya jua la kila Ijumaa. Robo saa kabla ya jua kutua, inatuma ujumbe kwa simu za washiriki, kila mtu kwa jina lake.

Mimi pia aliniandikia orodha ya mwaka mzima kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, akaipigilia nyuma ya mlango, maana kuna siku stima hupotea.

"Hili ni jua la Karungu peke yake," alinionya. "Rongo linatangulia dakika mbili. Homa Bay moja. Remba kule kisiwani linachelewa moja. Usimpe mtu wa kwingine, utamkosesha."

Nikasema sawa. Mke husikia mengi ya mume wake bila kujua ni lipi litakuja kumfaa.

Novemba moyo wake ulisimama. Ilikuwa mchana, yuko kibandani, ameshika redio ya mtu. Waliomleta nyumbani walileta na ile redio.

Baada ya mazishi Clifford alichukua laptop. "Nitaitunza," alisema. Sikubisha.

Ijumaa zikawa kimya. Ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Kanisani watu wakarudia kuchungulia dirishani.

Ya saba, ndio huo ujumbe. Na ulikuja kwangu peke yangu. Niliwazunguka washiriki mmoja mmoja kwa ujanja, hakuna mwingine aliyepata.

Namba sikuijua. Nikapiga. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata yenyewe.

Nikapiga tena, na kabla hata haijaanza kuita nilikuwa nimeshasema, "Levi?"

Nyumba tupu, mwanamke mzima, anaita jina la marehemu kwenye simu.

Nilijaribu hata ile njia ya kutuma shilingi kumi ili jina la mwenye laini litokee. Halikutokea. Laini haikuwa imesajiliwa kwa mambo ya pesa.

Mnajua kanisa letu linavyofundisha. Wafu wamelala. Hawajui lolote, hawatembei, hawasalimii. Nimeamini hivyo tangu ubatizo wangu, na ninaamini hivyo leo. Lakini amini wewe ukiwa jikoni peke yako, simu iko ndani ya kopo la unga ulikoificha, na robo saa kabla ya jua unasikia kopo linanguruma.

Ijumaa ya nane. Ya tisa. Ya kumi.

Nikafanya dhambi. Nikamjibu.

"Uko wapi?"

Kimya. Ijumaa iliyofuata: Achieng, shusha jembe.

"Mbona hukuaga?"

Kimya. Shusha jembe.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumwonyesha mama mkwe. Mama Phelesia aliishika simu kwa ncha ya leso, kama anashika kaa la moto. Alisoma, akanirudishia, akatoka. Kufikia jioni Clifford alikuwa amejua, na kufikia asubuhi wazee wa ukoo walikuwa wamejua.

Wenzangu wa mbali nawaeleza. Kwetu sisi Wajaluo wa kufuata mila, kupanda kuna mpangilio. Mama wa boma anatangulia kutia mbegu, halafu mke wa mwana mkubwa, halafu wa anayefuata. Levi ndiye alikuwa mkubwa. Na mjane hatii mbegu mpaka apatiwe mwanamume wa ukoo wa kuingia nyumba yake. Nisipopanda mimi, mke wa Clifford hapandi. Boma lote linakaa kuangalia mawingu.

Mimi nilikuwa nimekataa tangu matanga. Nilisema mume wangu ni Levi, na baada yake ni Mungu. Wakaninyamazia kwa ajili ya heshima ya marehemu.

Sasa marehemu mwenyewe ameanza kuongea.

"Anakuambia nini?" mzee mmoja aliniuliza.

"Nishushe jembe."

Wakatazamana.

"Amekukataza shamba," yule mzee akasema. "Ni wazi kama mchana. Anadai nyumba yake ifunguliwe kwanza."

Clifford alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umekauka, macho mekundu. Nilimwona, nikasema moyoni huyu anajua kuigiza.

Wakaniwekea siku: Jumapili ya kwanza ya Machi, kabla ya mvua. Ama nimpokee Javan, binamu ya Levi, ama nirudi kwetu Kagan, nyumba nimwachie mwenyewe anayeidai.

Javan alikuja mapema kuleta koti lake, maana koti likitangulia, mwenyewe amehesabiwa. Akalitundika kwenye msumari wa juu wa ile karatasi ya Levi, nyuma ya mlango.

"Yuora, mimi sina haraka," aliniambia, akivuta kiti. "Mimi nimeitwa tu, kama fundi wa choo. Chai iko?"

"Chai iko. Koti toa."

"Koti nimeambiwa likae."

Alikunywa vikombe viwili akaenda. Koti likabaki, linafunika Januari mpaka Juni.

Na ni hilo koti lililonifungua macho.

Ijumaa ya mwisho ya Februari ujumbe ulikuja, nami nikaenda kuinua lile koti niangalie karatasi. Sijui kwa nini. Labda nilitaka tu kuona mwandiko wake. Karatasi ilisema saa 1:01. Simu ilisema saa 12:59.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikapitia zile za nyuma, zote nilikuwa nimeziweka. Karatasi 12:58, simu 12:56. Karatasi 1:00, simu 12:58. Kila Ijumaa, bila kukosa, dakika mbili.

Nikatoka nje na saa ya ukutani mkononi kama kichaa. Nikalitazama jua likizama mpaka kipande cha mwisho.

Saa moja na dakika moja. Karatasi ndiyo ilikuwa sawa.

Levi hangekosea jua la nyumbani kwake. Hata akiwa amekufa hangekosea. Hili lilikuwa jua la mahali pengine.

Rongo linatangulia dakika mbili.

Ijumaa iliyofuata, siku mbili kabla ya wazee, nilimwambia mama mkwe naenda Rongo.

"Kufanya nini?"

"Kuangalia jua."

"Nyar Kagan, binti wa watu, usipotee," akasema.

Nilifika soko la Rongo kama saa kumi na moja na nusu. Sikuwa na anwani, sikuwa na jina. Nilikuwa na wazo moja tu: kama kuna mtu anayetuma huko, basi si mimi peke yangu ninayetumiwa. Nikasimama katikati ya akina mama wa ndizi na mboga, nikakamata simu yangu, nikangoja. Saa kumi na mbili ikapita. Na nusu ikapita. Saa 12:43, simu ikanguruma.

Na mbele yangu, kwenye aproni ya mama mmoja wa ndizi, simu ikanguruma. Na nyuma yangu nyingine. Na kule kwa viazi.

Wanawake wanne watano wakainama pamoja, wakasoma, wakaanza kufunika bidhaa zao.

Jamani.

Nikamwendea yule wa ndizi. Anaitwa Gesare, Mkisii, mnene wa kupendeza.

"Dada, samahani. Nani amekutumia huo ujumbe?"

"Wewe ni wa kanjo, wa ushuru wa soko?"

"Mimi ni wa Karungu."

"Umetoka Karungu yote hiyo kuja kuuliza saa?" Wenzake wakacheka. Halafu akaniona uso, akaacha kucheka. "Ni fundi Machuki. Yule wa cherehani, nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Hutukumbusha Sabato."

Akanionyesha simu. "Gesare, shusha jembe. Jua linatua saa 12:58. Sabato njema."

"Mimi nina ndizi, sina jembe," akasema. "Nilimwambia fundi abadilishe, akasema hayo maneno ni ya mwenyewe, hayaguswi."

Machuki nilimkuta anafunika cherehani kwa shuka. Mtu mfupi, tepu shingoni, miwani imefungwa kwa uzi. Pembeni ya cherehani, kati ya vitambaa vya sare za shule, kulikuwa na laptop, na kwenye laptop kumechomekwa kidubwasha chenye taa ndogo ya kijani.

"Mama, nguo ni Jumapili sasa," alisema bila kugeuka.

"Sina nguo. Mimi naitwa Achieng."

Akageuka polepole.

"Achieng wa mstari wa kwanza?"

Sikuelewa. Nikakaa kwenye benchi ya wateja.

"Levi hajambo?" akauliza. "Mbona hanijibu? Tumeandikiana miaka mitatu mtandaoni, hatujawahi kuonana uso. Alikuwa ananirekebishia, mimi namrekebishia. Tangu Novemba kimya. Nilifikiri nimemkosea."

"Levi yuko kaburini tangu Novemba."

Yule mtu alitoa miwani. Akaishika tu mkononi.

Mwishowe alisema, "Kuna maneno aliyaandika ndani ya programu. Yanakuhusu. Siwezi kuyasema kwa kichwa nikayaharibu. Ni ya kusoma."

Akaangalia nje. Mimi pia nikaangalia. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya posho mill.

"Kama dakika tano hivi," akasema. "Nikifungua sasa, Sabato itatukuta ndani."

Jumapili asubuhi wazee watakuwa wamekaa. Maneno ya mume wangu yako hatua mbili kutoka kwangu, ndani ya kile kikompyuta. Nani angenilaumu?

"Funga," nikamwambia.

Akafunga.

Nililala kwa Gesare. Nilienda naye kanisani. Msiniulize somo la siku hiyo lilikuwa nini. Nilikaa kwenye benchi, macho yangu yakipima kivuli cha nguzo, nikiomba jua litembee, huku najiuliza kama Mungu anahesabu maombi ya namna hiyo.

Jumamosi jua lilipotua, Machuki akafungua.

Ni maandishi tu, mistari na mistari, lugha ya mashine. Lakini juu kabisa kulikuwa na Kiswahili. Machuki akasoma, sauti yake ya chini:

"Programu hii ni ya bure. Ichukue, ibadilishe, mpe mwenzako. Siombi shilingi. Namba ya kwanza kwenye orodha ni ya mke wangu Achieng. Nimeifungia kwa alama ili isitumike. Ukiona nimenyamaza Sabato sita, toa hiyo alama. Umsalimie yeye kwanza, ndipo uwasalimie wengine. Hiyo ndiyo bei yangu. Huwa anasahau jua."

Chini yake, tarehe. Kumi na nne Agosti.

Tarehe hiyo ninaijua. Levi aliniambia anaenda Homa Bay kutafuta kibodi. Akarudi jioni bila kibodi, na bahasha moja kubwa ya kaki, kama zile za picha za hospitali, aliyosema ni ya mteja. Sikuiona tena ile bahasha.

Kumbe alijua. Agosti yote, Septemba, Oktoba, tunakula meza moja, anajua. Mimi hakuniambia. Alimwambia yeyote atakayefungua programu.

Nililia kwa hasira kwanza. Machozi mengine yalikuja baadaye.

"Kwa nini hukunipigia simu?" nikamuuliza Machuki. "Miezi miwili, namba yangu unayo."

"Mke wa mtu, mama? Nilidhani mmekosana, anakubembeleza kupitia kwangu. Nikasema mambo ya nyumba ya watu nisiingize sindano."

"Na mimi nikipiga?"

Akagusa kile kidubwasha cha taa ya kijani. "Laini iko humu kwenye modemu. Nilinunua ya kutuma tu. Haina sikio."

Halafu akasita. "Lakini kama uliandika, itakuwa imehifadhi. Sijawahi kuangalia."

Akabonyeza mara mbili tatu. Akaona. Akanigeuzia laptop haraka, akatoka nje kwenda kutazama barabara.

Zilikuwa kumi na moja.

Uko wapi. Mbona hukuaga. Paa linavuja upande wa kitanda chako. Wanasema unanidai, kama unanidai sema wewe. Levi, Javan ameleta koti.

Alipoingia nikamwambia azifute. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema futa. Alipoinua kidole nikasema ngoja.

Bado ziko huko mpaka leo.

Jumapili tulifika Karungu mimi na Machuki, yeye amekumbatia laptop yake kama mtoto. Sebuleni kwa mama Phelesia wazee wanne walikuwa wamekaa. Nje beberu wa kumtuliza marehemu amefungwa. Javan amevaa shati jipya.

Nilieleza. Machuki akafungua, akasoma yale maneno, na mengine ya programu akawaonyesha.

"Wewe mtu wa Rongo, amekulipa ngapi?" mzee mmoja akauliza.

"Hata nauli nimejilipia, mzee."

"Kusoma hata mchawi anajua."

Nikaona nafasi inaponyoka. Nikaona mzee anamkonyeza Javan asimame. Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Laptop ya omera mimi niliifuta."

Ni Clifford.

"Wiki moja baada ya mazishi. Nilifuta kila kitu cha omera, nikaweka kile chombo changu alichokataa. Sikuacha hata herufi. Nilijiambia sasa tumemaliza ule ubishi." Akaingia ndani hatua moja. "Halafu ujumbe ukaanza kuja. Mimi peke yangu nilijua mashine ni tupu. Nani anatuma? Nimekaa na hilo jambo tangu Januari. Nyinyi mlikuwa mnaogopa kwa kusikia. Mimi nilijua nilichofanya."

Akamwangalia Machuki. "Nilidhani programu yake ilikuwa humo tu. Vyangu vyote vinakaa kwa mashine moja. Ukihamisha, vinakataa."

"Ya Levi ilikuwa kwa yeyote aliyeitaka," Machuki akasema. "Mimi ninayo. Nimewapa wawili wengine."

Kwa hiyo yale macho mekundu hayakuwa ya kuigiza. Mungu anisamehe.

Mama Phelesia alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Akainuka, akashika magoti.

"Hayo maneno mtoto wangu aliandika lini?"

"Agosti, mama," nikasema.

"Agosti alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua."

"Basi ni maneno ya mtu aliye hai. Maneno ya mtu aliye hai hayahitaji beberu." Akawageukia wazee. "Mimi ndiye ninayetangulia kutia mbegu katika boma hili. Kesho natia. Kesho kutwa, nyar Kagan, chukua jembe."

Mzee mmoja alianza, "Lakini mila..."

"Mila ikija na njaa nitaipikia mimi."

Javan akaenda kuchukua koti lake. Aliponipita mlangoni akasema, "Chai yako ilikuwa nzuri, yuora. Hata sijaudhika." Na nadhani kweli alishukuru.

Nikapanda. Baada yangu mke wa Clifford akapanda. Mvua ikaja Ijumaa hiyo hiyo.

Mngependa niishie hapo. Nami ningependa.

Lakini katikati ya Aprili, Ijumaa, nilikuwa napalilia. Simu ikanguruma. Ujumbe unasema jua ni saa 12:46, ni Machuki, nimeshamzoea. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Baada ya dakika mbili ikanguruma tena.

"Achieng, shusha jembe. Jua linatua saa 12:48. Sabato njema."

Namba nyingine.

Nilikimbia mpaka nyuma ya mlango. Karatasi: 12:48. Jua letu. Jua la Karungu, dakika ile ile, kama alivyokuwa akinipigia hesabu Levi.

Nikampigia Machuki. "Ni mmoja wa wale wawili wako?"

"Hao mmoja ni wa Homa Bay, mwingine Remba. Na hawajafungua mstari wako bado. Karungu simjui mtu."

Zilikuwa zimebaki dakika chache jua litue. Nikatembea haraka mpaka stendi ya Sori. Saiba ya Clifford ilikuwa imefungwa kwa kufuli, hakuna mtu. Nikaweka uso kwenye kioo cha dirisha, nikazuia mwanga kwa viganja.

Zile kompyuta sita zilikuwa zimezimwa. Lakini pembeni, juu ya meza yake ndogo, laptop yenye kioo kilichopasuka ilikuwa inawaka. Peke yake. Mistari myeupe inapanda kwenye skrini, polepole, bila mkono wa mtu. Pembeni yake taa ndogo ya kijani.

Clifford si Msabato. Hajawahi kuniambia kwamba aliitafuta programu mtandaoni, pale Levi alipoiacha wazi, akairudisha. Mimi pia sijamuuliza, na tukikutana tunaongea habari ya mahindi.

Nilisimama pale mpaka jua likatua. Nikajua ni nani aliyewasha, nikajua ni waya gani na laini gani. Nikajua yote. Na bado nikasema, kwa sauti, mbele ya dirisha la saiba iliyofungwa, "Nimesikia, Levi. Nimeshusha."

Wenzangu, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Nawaambia nilichokiona tu. Ulichokifungia, mwenzako atakifuta kwa wiki moja. Ulichokigawa hakijui kaburi lako liko wapi, kitakuja kugonga mlangoni kwenu kutoka Rongo.

Na kama unajua unaenda, mwambie mkeo kwa mdomo. Usimwachie jua.